Mche wa Nyumba Thelathini na Mbili

Kila asubuhi Alima alifagia ua mpaka ukatakata. Maganda ya muhogo na matumbo ya samaki aliyatupa mtaroni. Maji ya vyombo aliyamwaga barabarani. Kwa usafi, hakuwa na mpinzani.

Mtaa ulikuwa mpya. Gesi ilipopatikana baharini, kijiji chao kilihamishwa kupisha ujenzi, wakapewa nyumba zenye namba. Majirani hawakujuana. Alima walimwita Thelathini na Mbili.

Kule walikotoka alibaki binti yake, Zuleica, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka saba. Kaburi lake sasa liko ndani ya uzio wa mradi wa gesi. Mnazi uliopandwa pale kilipozikwa kitovu chake alipozaliwa uling'olewa na trekta. Alima aliwahi kuokota nazi moja tu iliyochipua, akaja kuipanda hapa. Sasa mche ule ulikuwa wa njano, unakufa. Aliuona msiba ukirudi upya.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mtaro uliziba kwa taka, na maji machafu yakaingia nyumba saba, yake ikiwemo. Palmira, mfanyakazi wa afya aliyetoka mji wa Mueda, alipita kukagua. Aliuona mche, akauliza mbona hivyo. Alima akajibu kuwa ulitokana na mnazi wa kule kwao, na kwamba hapa maji ya bomba hayatoshi hata kunywa.

"Na hayo ya kwenye beseni, mama?"

"Ya kuoshea samaki. Machafu hayo."

"Kule kwenu mnazi ulikuwa upande gani?"

"Kando ya jiko. Kila kitu tulimwaga pale."

"Basi mliulisha bila kujua. Hapa chakula chake unakitupa mtaroni, nacho kinarudi na mafuriko."

Walichimba pamoja shimo, hatua moja kutoka kwenye mche. Palmira alimwonyesha kufukia matumbo ya samaki chini kabisa, nzi wasifike, kisha maganda na majani juu yake. Maji ya vyombo yamwagwe hapo. Yenye dawa ya kung'arishia nguo, hapana. Plastiki ziwekwe kando.

Alima alifukia huku akilia. Alikumbuka Zuleica akibeba maganda kwa mikono miwili kuyapeleka mtini.

"Huu ni mti wa nani?" Palmira aliuliza taratibu.

"Wa mwanangu. Zuleica."

Miezi ikapita. Mche ulitoa jani la kijani, likafuata lingine. Majirani wakaja kuangalia, Alima akawaambia ni mti wa mwanawe Zuleica, nao wakachimba mashimo yao, na mtaro ukabaki wazi. Nyumba nyingine zilipopangwa kujengwa, wakazi walidai kila jiko lielekee shimo la mti, si barabara. Wakasikilizwa.

Mvua ikarudi. Maji yalipita mtaroni yakaenda zake, na ndani pakabaki pakavu. Kaburi bado liko ndani ya uzio, na Alima hajaruhusiwa kulizuru.

Asubuhi moja jirani alisimama uani na mche wa mpapai mkononi.

"Hodi, Mama Zuleica."

Tangu wahamie, hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alima aliweka ufagio chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Karibu," akasema.