Bisibisi Nyuma ya Sikio

Sogeeni karibu, ndugu zangu, maana habari hii ina wenyewe katika kila mtaa, na huenda mmoja wao amekaa hapahapa anatikisa kichwa kama anayenisikia.

Jumamosi moja alasiri, nyumba ya Fundi Bisibisi ilikuwa imetulia. Gereji imefungwa, ovaroli inakauka kwenye kamba, mwenyewe amejinyoosha kwenye kochi na redio mbele yake. Mkewe alikuwa bafuni akifua. Ungepita pale ungesema hawa wawili wamebarikiwa.

Jina la Bisibisi alipewa kwa sababu ya kazi yake. Gari likiletwa linagonga, yeye huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. "Beringi ya pampu ya maji hiyo," husema. Wakifungua, ni hiyo kweli. Watu walitoka mbali kumfuata.

Lakini miaka ya nyundo na injini ilikuwa imemharibia masikio. Kichwani mwake kulikuwa na mlio mwembamba kama wa nyenze, haunyamazi mchana wala usiku. Ili kuufunika, alifungulia redio mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Neno lake kubwa nyumbani likawa "Rudia!" Mkewe naye, mwanamke mpole wa watu, akageuka mpiga kelele.

"Mume wangu, nenda kapimwe," alimsihi. "Siku hizi kuna visaidizi vya kusikia."

"Nimeshauliza bei. Hela hiyo nanunua kompresa mpya ya kujazia upepo. Halafu mimi sina tatizo! Nikiweka bisibisi, nasikia mpaka vali inavyopumua. Wewe ndiye unayeongea chinichini."

Mnaiona hesabu yake? Upande mmoja aliweka kompresa, upande wa pili hakuweka kitu. Maongezi ya mkewe hayakuwa na bei dukani, basi akayaona ni ya bure.

Kompresa ikanunuliwa. Mke akachoka kurudia, akabaki na ishara za mikono. Bisibisi akafurahi moyoni kwamba ugomvi umekwisha.

Sasa, Jumamosi ile niliyoanzia, mama wa watu aliteleza kwenye maji ya sabuni, nyonga ikavunjika. Akaita. Akaita tena. Kati yake na mumewe palikuwa na mlango mmoja tu, na mumewe alikuwa anachezesha mguu kufuata muziki. Aliyesikia ni jirani wa nyumba ya nyuma, akaruka ukuta, akapitia mlango wa jikoni.

"Bisibisi!" alimfokea akimtikisa bega. "Mkeo analia saa nzima, wewe umekaa?"

Fundi alimkuta mkewe sakafuni, sauti imemkauka kabisa. Mke hakumlaumu. Alimwangalia tu, midomo ikasema, "Nilikuita." Bisibisi aliyasoma maneno yale kwenye midomo, na yalimchoma kuliko kama angetukanwa.

Mke alipolazwa, fundi alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha masikio cha hospitali ileile. Mpimaji, binti wa umri wa mwanawe, alimpima kisha akamwambia bila kupamba maneno.

"Mzee wangu, vifaa hivi haviponyi masikio, na huo mlio haviuzimi. Ila sauti za nje zikirudi, wengi huona mlio umepungua makali. Wengine hawaoni. Ndiyo maana utavaa kwanza, uende navyo nyumbani, ndipo uamue. Wala si lazima vya bei ya juu. Vya katikati vinakutosha."

"Mbona kwa bisibisi nasikia?"

Binti akacheka. "Kugonga kwa injini ni sauti nzito, nawe unaipitisha kwenye chuma hadi mfupani. Maneno ya mama yanapita hewani. Au unataka umwekee bisibisi kooni?"

Bisibisi alicheka, halafu akalia palepale kitini. Kompresa ikauzwa.

Siku za kwanza za kuvaa visaidizi zilimkera. Vijiko vilipiga kelele, na mfuko wa plastiki ulimfanya aruke. Mlio nao ulikuwepo bado, ila mtu akiongea naye alijikuta ameusahau. Akaamua kubaki navyo.

Mkewe aliporudi kutoka hospitali, asubuhi moja Bisibisi alisikia kitu ukumbini: kinagonga, kisha kinaburura. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta bisibisi, macho yakafumba yenyewe kama yuko kazini. Ndipo akatambua. Ni fimbo ya mkewe, na ule mguu usiopona vizuri. Akainuka upesi, akamfungulia mlango kabla hajaugusa.

"Umejuaje kama naja?"

"Nimekusikia."

Mkewe akasimama. "Rudia," akasema.

"Nimekusikia, mke wangu."

FUNZO

Ndugu zangu, ukipima gharama ya kusikia, pima na gharama ya kutosikia. Usidanganywe na anayekuahidi muujiza, wala usikimbilie cha bei ghali. Pimwa, jaribu, kisha amua. Bisibisi anashukuru kila asubuhi anapovivaa. Anamshukuru yule binti, anamshukuru jirani aliyeruka ukuta, na zaidi ya wote anamshukuru mke ambaye bado anataka kuongea naye. Na wewe ambaye nyumba yako imekuwa kimya siku hizi, usiufurahie huo utulivu. Kamuulize mwenzako ni lini alikuita mara ya mwisho.