Kaseti ya Baba Waceke

Mkokoteni uliojaa mabati ulimkosa Waceke kwa inchi mbili. Aliruka pembeni, kiatu kikatumbukia kwenye maji ya mtaro, na kile alichokuwa amekibana kwapani tangu nyumbani Uthiru kikamponyoka. Kaseti kuukuu iliyofungwa kwa leso ikaanguka katikati ya River Road, kati ya miguu ya watu.

Alipiga yowe. Kijana mrefu aliyevaa shati la drafti aliinama akaiokota kabla haijakanyagwa.

"Pole, siste. Haijavunjika. Lakini vile umelia, nilidhani ni mtoto ameanguka."

"Nipe."

"Si nakupa. Hata asante hakuna?"

"Nipe kwanza, ndiyo nikushukuru."

Kijana akacheka, akampa. Waceke aliishika kwa mikono miwili, akaona haya kwa lile yowe. Ili kuficha haya akauliza, "Unajua fundi mmoja wa kaseti anaitwa Weso?"

"Anatafutwa na nani? Kama ni polisi, alihama."

Hivyo ndivyo alivyokutana na Dalmas Wesonga, fundi wa redio aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo moja la wachapishaji, jirani na Philister, mama wa makamo aliyeuza kadi za simu pale mlangoni.

Kaseti ilikuwa ya baba yake, Haron, mchimba mawe aliyefariki miaka sita iliyopita, mwaka wa 1998. Alikuwa amejirekodi akipiga gitaa na kuimba nyimbo zake nane, Waceke akiwa mtoto wa kubebwa. Nakala nyingine haikuwepo. Sasa utepe ulikuwa ukikwama na sauti ya baba ikizama kama mtu anayevutwa chini ya maji. Kila asubuhi, kabla binti yake Wamucii hajaamka, Waceke alifumba macho ajaribu kama bado anaikumbuka sauti ile. Kila asubuhi ilikuwa imesogea mbali kidogo.

"Na haraka ya nini?" Wesonga aliuliza, akigeuza kaseti kwenye mwanga.

"Jumamosi ya wiki ijayo naimba. Ukumbi wa hoteli moja hapo juu mjini, mara yangu ya kwanza. Nataka kumalizia na wimbo wake, lakini ubeti wa tatu umenitoka kabisa. Hauko kichwani. Uko hapo ndani tu."

"Wewe ni mwimbaji? Nani alikufunza?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri, kisha maneno yakamtoka kwa wingi. Alimweleza juu ya kodiani ya mwomboko iliyopigwa kwenye harusi za majirani na wazee waliocheza kwa adabu, wamekaza mgongo. Akamweleza juu ya rumba za Kikongo kwenye redio ya Jumapili, ambazo aliziimba bila kuelewa hata neno, na tenzi za kanisani ambazo shangazi yake alizivuta mpaka uji ukaungua. Lakini chini ya hizo zote, alisema, kulikuwa na gitaa la baba, vidole viwili tu, kidole gumba kikitembea kama mtu anayerudi nyumbani amechoka.

Wesonga alikuwa ameacha kucheka. "Vidole viwili? Hiyo ni gitaa ya kwetu Butere. Mkikuyu wa Uthiru aliitoa wapi?"

"Kuna rafiki yake wa huko walichimba mawe pamoja. Yeye ndiye alimfunza."

"Basi mimi na wewe ni watu wa nyumba moja, msupa."

"Wacha wee! Tengeneza kaseti."

Wiki hiyo simu ya Waceke haikupumzika. Wesonga alipiga mchana kumweleza amesafisha nini, akapiga jioni akiwa hana la kueleza.

"Sasa, mrembo wa mabati?"

"Poa. Kaseti inaendeleaje?"

"Kaseti, kaseti! Mimi huniulizi naendeleaje?"

"Wewe hujakwama."

"Nimekwama, Waceke. Tangu ule mkokoteni."

Alicheka mpaka Wamucii akacheka naye bila kujua sababu. Lakini simu ilipokatika, alikumbuka. Baba wa Wamucii naye alikuwa na maneno matamu. Alisema "nakuja" siku moja akienda kununua maziwa, na tangu hapo simu yake ilijibiwa na yule mwanamke wa mitambo tu: mteja hapatikani kwa sasa.

Alhamisi Waceke alimpigia Wesonga. Mteja hapatikani. Akapiga tena, akapiga mara tisa. Ijumaa asubuhi alimwachia shangazi mtoto, akateremka mjini akiwa na moyo mkononi. Meza ya chini ya ngazi ilikuwa imefunikwa kwa gunia.

"Amesafiri," Philister alimwambia. "Ametoka jana alfajiri, kuna msiba kwao. Aliniambia nisimpe mtu kitu chochote." Kisha akaona uso wa yule msichana, moyo ukamlainika. Akafunua gunia, akapekua, akatoa kaseti yenye mwandiko wa wino wa buluu: *Haron, nyimbo zangu.* "Si ni hii, mami? Chukua. Usilie bwana, nani amekufa?"

Nyumbani Waceke aliiweka kwenye redio, akabonyeza, akangoja gitaa.

Alitoka mhubiri. Mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza alikuwa akikemea mapepo, na watu wakiitikia amina. Alipeleka utepe mbele: mhubiri. Akaugeuza upande wa pili: mhubiri, na kwaya nyuma yake.

Waceke aliketi sakafuni. Kwa hiyo baba yake alikuwa amefutwa, na mtu mwingine kurekodiwa juu yake. Aliyefanya hivyo alikuwa amekimbia na kuzima simu, kama yule wa maziwa. Alifumba macho aitafute ile sauti kichwani, na kwa hofu akasikia mhubiri.

Jioni simu ililia. *Weso.* Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Mara ya nne akapokea.

"Mrembo! Haki pole, huku network ni mpaka upande mlima..."

"Umenimalizia baba mara ya pili," Waceke alisema, akakata, akaizima.

Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa katika chumba cha nyuma cha ule ukumbi, amevaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe na ushanga mweupe shingoni, kucha zimetafunwa hadi nyama. Watu walisikika wakivuta viti. Alirudia ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulikuwa shimo tupu.

Mlango ukafunguka. Wesonga alisimama pale, viatu vimejaa tope jekundu, macho mekundu, redio ndogo ya kaseti mkononi. Nyuma yake Philister alikuwa akifinyafinya leso.

"Toka," Waceke alisema.

"Niite mwizi baadaye. Sikiza kwanza."

"Ni mimi nilikosea, mami," Philister alisema. "Nilisoma mwandiko tu."

"Ile nyumba ya kaseti, plastiki ya nje, ilikuwa imepinda, ndiyo ilikuwa inakwama," Wesonga alisema haraka, kama mtu anayejua hana muda. "Nilifungua kaseti mbili, yako na ya mteja mwingine wa mahubiri. Utepe wa baba yako nikauhamishia nyumba nzuri. Ule wa mhubiri nikauweka kwa ile mbovu nisiupoteze. Lebo nilikuwa bado sijahamisha, nikapigiwa simu ya msiba. Wa baba yako niliogopa kuuacha River Road. Nimelala nayo mfukoni matangani siku mbili, Waceke. Niliogopa hata kugeuka."

Akabonyeza.

Gitaa likaingia, safi, kidole gumba kikitembea. Sauti ya Haron ikafuata, karibu kabisa, ya mtu aliyeketi chumba hicho hicho. Waceke alifunika mdomo. Na chini ya gitaa kulikuwa na kitu ambacho hajawahi kukisikia, mlio mdogo wa kioo, tin-tin, tin-tin.

"Hiyo ni chupa ya soda," Wesonga alinong'ona. "Kelele za utepe mchafu zilikuwa zimefunika sauti zote za nyuma. Kwetu gitaa halipigwi bila mtu wa chupa. Huyo anayempigia baba yako ni nani?"

Ubeti wa tatu ulianza. *Mtoto akiniuliza, mwambie niko njiani...* Haron akasita, akarukia kiitikio. Chupa ikanyamaza, na sauti ya mwanamke, ya kicheko, ikasema:

"Baba Waceke, umeruka!"

Waceke alikuwa na mwaka mmoja mama yake alipokufa, na hakuwahi kusikia sauti yake maishani. Kwenye redio baba naye alicheka, akarudi nyuma, akauimba ubeti wote hadi mwisho.

Waceke alilia, akapangusa uso kwa pindo la kitenge, akamtazama yule fundi mwenye tope.

"Bado naogopa," alisema.

"Hata mimi. Nataka kuja Uthiru kumwona shangazi yako, na nimeogopa kukuuliza tangu Butere."

"Wacha niimbe kwanza. Tafuta chupa."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Waceke aliketi na gitaa, Wesonga nyuma yake na chupa tupu ya soda na msumari. Wimbo wa baba aliuweka wa mwisho. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu aliona zile nyuso zote zikimtazama, akarukia kiitikio.

Chupa ikanyamaza.

"Mama Wamucii," sauti ikasema polepole nyuma yake, "umeruka."

Watu wakacheka. Waceke akacheka pia, machozi yakimdondokea juu ya gitaa. Kabla hajarudi nyuma kuuanza ubeti upya, aligeuza uso mbali na kipaza sauti.

"Kuja Jumapili," alimwambia. "Na wazee wako. Na hiyo chupa."