Kona Isiyochunwa

Wewe unayesikiliza, umewahi kuona ndani ya kichwa cha mtu mliyekuwa mkisalimiana sokoni? Koplo Tecla wa kituo cha polisi karibu na Sosiot alikuwa hajaona, mpaka wiki ile Mzee Kimotho alipookotwa katikati ya chai yake.

Ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Mzee alilala kifudifudi, gambuti moja imemtoka mguuni, kofia ya sufu imemfunika masikio. Alikuwa akipumua kwa shida. Kando yake kulikuwa na ufito, ule mrefu ambao wachunaji huulaza juu ya chai wajue imelingana. Ulikuwa wa Kipkurui, kibarua wake, na ni Kipkurui huyo aliyepiga nduru. Jumatatu wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya watu, kwenye kituo cha kupimia majani.

Mzee alikimbizwa hospitali Kericho, akapigwa picha ya kichwa kwa ile mashine kubwa ya mviringo, na kabla ya saa sita akakata roho. Saa nane Kipkurui alikuwa seli. Ijumaa asubuhi angesomewa shtaka la mauaji. Majirani walikuwa wameshaanza maneno ya watu wenu na watu wetu, kwa kuwa mzee na kibarua hawakuwa kabila moja, na Tecla aliyajua maneno hayo huishia wapi.

Jumatano alirudi shambani na Nyathira, binti wa marehemu, mama wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa akiishi na baba yake. Chai ilikuwa imechunwa ikawa tambarare kama kitanda kilichotandikwa. Kona moja tu, huko juu kando ya jiwe jeusi, ilikuwa imeizidi chai nyingine kwa shibiri nzima.

"Hapa huchuna nani?"

"Ni mimi, afande. Kibarua haguzi hapo. Kazi imenizidi tu."

"Na mzee, kofia ya sufu na jua lote hili?"

"Alikuwa anasikia baridi. Si ni uzee?" Nyathira akaanza kukunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Alhamisi, saa nne, Tecla alikuwa hospitalini kwa Hezekiah, mpiga picha za vichwa. Hezekiah aliibandika filamu kwenye kioo chenye taa.

"Ona, madam. Hii nyeupe ni damu mbichi, ya Jumanne. Na hii nyeusi-nyeusi?"

"Kivuli?"

"Damu pia, lakini ya zamani. Ikikaa inapoteza weupe. Hii ina kama wiki tatu. Mzee aligonga kichwa siku hizo, mshipa ukawa unavuja pole pole. Jumanne ukaachia tena, wenyewe tu. Kipigo cha juzi sikioni. Tulipomvua kofia tulikuta kovu juu ya sikio la kushoto, limeshapona."

"Na asijulikane kuwa mgonjwa?"

"Angejulikana. Damu imekalia kushoto. Huko ndiko kwenye maneno, na huko ndiko mguu wa kulia unakopewa amri. Angekosea majina. Angeburuta mguu."

Tecla aliitazama ile picha kwa muda. Ubongo wa mzee ulikuwa umesukumwa upande mmoja, kama mtu aliyebanwa kwenye benchi la kanisa na hataki kulalamika.

Saa saba alikuwa mbele ya seli.

"Kipkurui, Jumatatu mligombania nini?"

"Aliniita Wachira, madam! Mara tatu! Huyo ni ndugu yake, alikufa zamani. Nikamuuliza, mzee, kwani mimi ni mzimu? Watu wakacheka. Akataka kunipiga, karibu aanguke. Huo mguu wa kulia anauvuta tu."

"Na ufito?"

"Niliutupa nikimuinua. Huo hata kuku hawezi kufa nao."

"Wiki tatu zilizopita ulikuwa wapi?"

"Mulot, kwa mjomba, tunavuna mahindi. Uliza huko. Nyathira ndiye alinipigia simu wiki jana, ati nirudi, baba hawezi kazi."

Tecla alikuwa mtoto wa wakulima wa chai wa Kimulot. Njiani alihesabu. Chai huchunwa kila baada ya siku kumi hivi. Ile kona ilikuwa imerukwa raundi mbili, siku ishirini na kitu. Chai nayo ilikuwa imepiga picha yake.

Saa kumi jioni alisimama kando ya jiwe jeusi.

"Miaka yote unachuna hapa mwenyewe," alimwambia Nyathira. "Wiki tatu sasa umeshindwa kukanyaga. Baba yako aliangukia jiwe hili. Wewe ukamvisha kofia. Na kesho Kipkurui anapelekwa kortini."

Nyathira alipiga magoti, akatenga matawi. Chini kulikuwa na vijiwe vyeupe vimepangwa kwa mduara, mduara usiozidi sinia.

"Mtoto wangu. Aliishi siku nne. Miaka kumi na tisa sasa. Wiki tatu zilizopita baba alikuja na jembe. Alisema ang'oe hapa aweke tangi la maji. Nikamwambia, baba, kuna mtu hapa. Akasema hakuna mtu. Nikamsukuma. Mara moja tu, afande. Nikasema twende hospitali, akakataa. Ati atawaambia watu nini, binti yake amemwangusha?"

"Na Kipkurui?"

"Nilijua si yeye, nikafunga mdomo. Mtoeni. Mimi nitakuja."

Tecla alichutama karibu naye. Pingu alikuwa nazo, hakuzitoa.

"Ulikuwa unataka nini kwa mzee, dada?"

"Kwetu, kama hujaolewa, kijana wa kwanza anaitwa jina la baba yako. Alikataa. Alisema jina lake halitazikwa kwenye majani. Mtoto akaenda bila jina." Alivipangusa vile vijiwe kimoja kimoja kwa pindo la aproni. "Wiki hizi za mwisho alikuwa akichanganya majina ya watu wote. Nilikuwa nangoja, siku moja akosee, asimame hapa, amwite huyu mtoto kwa jina lake mwenyewe. Hakukosea."

Machozi yalimshuka, akayaacha. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti ambayo hata wachunaji wa shamba la pili walisikia wakageuka:

"Nilitaka aitwe Kimotho."