Mlango wa Saa Kumi

Mlango ulianza kutoka jasho siku ya tatu tangu upachikwe. Jasho hasa, linashuka kwenye bamba la chuma likinuka chokaa na blanketi bichi. Mke wa fundi akalifuta kwa tambara, akalaumu rangi. Kesho yake akafuta tena.

Mumewe, fundi seremala, aliununua mnadani gereza kuukuu lilipobomolewa. Mbao za zamani, kitundu cha kuchungulia, bei ya kutupa. Akaupachika chumbani kwa binti yao wa miaka minne, Kifaranga, na kwa kuwa fundi huyu hapendi kuisumbua akili yake, aliupachika vilevile ulivyokuwa gerezani: komeo kwa nje.

"Mtoto analala ndani, komeo liko nje?"

"Kwani nani atalifunga?"

Siku ya nne, saa kumi alasiri, komeo likajifunga. Polepole, kama mkono uliozoea kazi. Bahati chumba kilikuwa kitupu. Alfajiri likajifungua. Wakamwita mganga, akafukiza, akakemea, akala kuku, akaenda zake.

Mama yake fundi, aliyeishi nao, alikuwa akiupita mlango ule bila kuutazama. Mwanawe wa kwanza alinyongwa katika gereza lile miaka ishirini nyuma, kwa kumuua mlinzi wa ghala, na nyumbani kwao jina lake halitajwi. Zamani mhalifu alichapwa sokoni, watu wakitazama huku wanatafuna. Wakubwa wakaona aibu. Si aibu ya kuchapa, aibu ya kutazamwa. Wakajenga kuta. Tangu hapo mtu huingia, mlango hufungwa, na mama mtu huonyeshwa ukuta. Bibi huyu waliwahi kumwandikia barua aje achukue vitu vya marehemu. Akamjibu tarishi mlangoni, majirani wakisikia, "Mimi sina mtoto huko."

Siku ya sita Kifaranga alipitiwa na usingizi mchana chumbani mle na hakuna aliyetazama saa. Komeo likalia. Fundi akaja na mtaimbo, akaja na nyundo, akapiga bawaba mpaka cheche zikaruka, mkewe akivuta komeo kwa mikono miwili huku analia, na harufu ya chokaa ikapanda ikawakaba koo, na mlango haukutikisika hata kidogo, na ndani, katikati ya kelele zote hizo, wakasikia mtoto anaongea na mtu kwa utulivu.

"Kifaranga! Unaongea na nani?"

"Baba mkubwa. Hana shati." Meno ya mtoto yaligongana. "Mama, kuna baridi."

"Anataka nini?" bibi akanong'ona.

"Anauliza vitu vyake."

Bibi akatoka peku. Nyumba ya nne aliishi askari jela mstaafu, mtaani wakimwita Saa Kumi, maana ndiyo saa aliyofungia watu maisha yake yote. Miaka ishirini hawakusalimiana.

"Asubuhi ile ulimwambia nini?"

Mzee hakuuliza asubuhi ipi. "Dada yangu, sisi tulikuwa na maneno mawili tu. Anayeachiwa tunamwambia, 'Toka na vitu vyako.' Anayekwenda kunyongwa, 'Toka, vitu acha.' Mwanao akaniuliza nani atavichukua. Nikamwambia, mama yako."

Akainama uvunguni, akatoa kifurushi kilichofungwa fundo. Shati, ndara, kitana.

"Nilikungoja," akasema.

Wakaongozana hadi mlangoni, Saa Kumi akaweka mdomo kwenye kitundu. "Toka na vitu vyako." Komeo halikusogea. Sauti ya mtoto ilikuwa imefifia, maneno yakija moja moja. Mzee akasogea pembeni. "Si mimi anayemsubiri."

Bibi akaweka kifurushi kizingitini, akapiga magoti.

"Mwanangu, ni mama. Nilikukana kwa ajili ya majirani, na nusu yao wameshakufa. Nimekuja. Toka na vitu vyako."

Komeo likarudi nyuma. Kifaranga akatoka, baridi kama sakafu, mama yake akamdaka. Ubaridi ukapita katikati yao kuelekea uani. Kifurushi kilikuwa palepale, fundo halijaguswa. Bibi akalifungua: ndani hamna kitu.

"Amesema nini?" bibi akamuuliza mtoto.

"Hajasema."

"Ameniangalia?"

Kifaranga akafikiri. "Alikuwa anavaa shati."

Mganga alipopita wiki ile akatangaza kwamba dawa yake imefanya kazi. Fundi akataka kuuchoma mlango. Mama yake akamkatalia, akaamuru upachikwe chumbani kwake, komeo kwa nje, vilevile.

"Mama, akirudi je?"

"Pachika."

Kila alasiri bibi huingia, huurudisha mlango, hukaa kitandani akikabili kitundu. Chuma ni kikavu. Harufu ni ya rangi tu. Saa kumi hufika, hupita. Kisha huinuka na kuusukuma mlango kwa kidole kimoja, maana hakuna aliyeufunga.