Jina la Baba Mkwe

"Angetile! Upo hapo nje?"

Angetile alishikilia ukuta wa mianzi. Sauti ile ilikuwa ya baba mkwe wake, mzee Nsajigwa, na kwa miaka miwili ya ndoa hakuwahi kuuona uso wake. Mkamwana katika nyumba ya Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe, hapiti njia anayopita, na jina lake halitaji hata usingizini. Akilitaja, walisema, tumbo lake halitashika mtoto. Na Angetile alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Mumewe, Mika, ndiye aliyetafuta namna. Kila asubuhi Angetile alikaa nje ya nyumba ya mzee akisoma Injili kwa sauti, utadhani anajisomea mwenyewe. Mzee alikaa ndani, utadhani hasikilizi. Mwaka mzima ukapita hivyo bila yeyote kumsemesha mwenzake. Leo mzee alikuwa ameita.

"Nipo, baba."

"Nakufa."

"Usiseme hivyo! Felista, mwenzetu wa sala, amekwenda kumwita mchungaji."

"Kwenda misioni siku nzima, kurudi siku nzima. Mimi sina siku mbili, binti. Nibatize wewe."

Angetile alimgeukia Anyosisye, aliyekuwa amekaa pembeni na mguu uliovimba. Alikuwa mpagazi wa Wadachi huko vitani pamoja na Mika, wakamrudisha yeye wiki iliyopita kwa sababu ya mguu huo.

"Anyosisye, ingia wewe. Wewe ni mwanaume, wewe huna mwiko."

"Mimi mwenyewe sijabatizwa. Nitampa kitu nisichokuwa nacho?"

"Basi nifanye nini?"

"Barua ya Mika umeisoma mwenyewe mbele yangu. Isome tena."

Alikuwa anaijua kwa moyo, lakini aliitoa kwenye nguo yake na kuisoma:

"Mke wangu Angetile. Wadachi hawatuachi kurudi mpaka mizigo iishe. Baba akizidiwa, mbatize wewe. Mchungaji ameruhusu figa lolote lenye msomaji kufanya hivyo. Usiuogope mwiko. Nikirudi nitasimama mbele ya kaka Ambilikile na kusema ni mimi niliyeagiza. Mika wako."

Figa ndilo jina walilokipa kikundi chao. Mchungaji aliwagawa Wakristo wa Ndandalo, pamoja na wale ambao bado hawajabatizwa, watatu watatu, kama mafiga ya jikoni, wasali nyumbani kwao na kufundishana. Wakifika kumi na wawili wanagawanyika, na kila upande unaanza moto wake. Mika, Angetile na Anyosisye ndio walioanza. Kabla askari hawajaja kuchukua wanaume walikuwa wamefika tisa.

Angetile alichukua kata ya maji. Aliinama, akaingia.

Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani. Adabu gani hiyo! Mtu anakata roho na bado anamsitiri mkamwana wake asimwone.

"Mika aliniambia utachukua jina la Yohana."

"Siendi kwa Mungu, Kyala wetu, na jina la kuazima. Yeye ananijua kwa jina nililopewa na mama yangu. Nibatize kwa hilo hilo."

"Baba, usinifanyie hivyo. Unajua siwezi kulitaja."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru. Ukishindwa, nitakwenda hivi hivi, na sitakulaumu."

Angetile alilia. Kisha aliweka mkono juu ya kichwa cha mzee, akamimina maji mara tatu.

"Nsajigwa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Ndaga fijo, mwanangu," mzee alisema. Alimshukuru kwa lugha ya nyumbani, na hakusema neno lingine. Kabla jua halijashuka alikuwa amefariki.

Wiki tatu baadaye mimba ya Angetile iliharibika.

*

Mika alirudi amekonda, mabega yamechubuka kwa mizigo. Hakupata hata siku ya kupumzika. Kaka yake Ambilikile, aliyerithi mashamba ya mpunga na ng'ombe wote wa baba yao, aliwaita ndugu migombani asubuhi.

"Sina ugomvi na Kyala wenu," Ambilikile alianza. "Nina swali. Angetile, ulimgusa baba?"

"Nilimgusa."

"Jina lake ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Na mtoto yuko wapi?"

Wanawake waliguna.

"Mnaona? Baba amekufa, mtoto amekufa. Haya, mwanamke wa Kikisi kutoka Lyulilo kule ziwani hajui desturi zetu, labda alitumwa. Aliyemtuma leo hii anatoka katika ardhi ya baba, na hatakanyaga tena hapa; kama hakutumwa, anatoka yeye. Mika! Ni nani alimtuma?"

Angetile alimtazama mumewe. Barua ilikuwa kifuani mwake, ndani ya nguo. Anyosisye alifungua mdomo, Angetile akamtikisia kichwa anyamaze.

Mika alitazama miguu yake.

"Mika, nakuuliza wewe."

"Mimi sikuwepo, kaka."

Maneno matatu tu hayo! Huyu ndiye mwalimu wa figa, aliyewafundisha wenzake kuulizana kila Jumapili, mmoja kwa mmoja, "Umeficha nini?" Wengine walitubu wizi wa samaki mbele yake. Wengine walitubu uzinzi. Yeye akakaa kimya mkewe akifukuzwa.

Njiani kwenda Lyulilo Anyosisye alishindwa kujizuia.

"Barua unayo! Kwa nini hukuisoma?"

"Ningeisoma, karatasi ndiyo ingesema. Mimi nilitaka mume wangu aseme."

"Sasa umepoteza kila kitu."

"Mwache. Kama ni wangu atasema."

"Na asiposema?"

"Basi nitajua niliolewa na nani."

*

Jumapili iliyofuata Anyosisye alimgeukia Mika mbele ya figa zima.

"Umeficha nini?"

"Sina kitu."

Anyosisye alinyanyuka na kutoka nje akichechemea. Wiki ya pili walikuja wanne. Wiki ya tatu alikuja Felista peke yake, akakuta mlango umefungwa. Figa la Ndandalo likazimika, na wala halikuzimwa na Wadachi.

Lyulilo, Angetile alikuwa akifinyanga vyungu na mama yake. Mwanzoni hakutaka kusali wala kusoma, alifinyanga tu. Siku moja mama yake alimwuliza:

"Kile kitabu chako kinasema nini hasa, hata ukaingia kwa yule mzee?"

Angetile akamsomea. Jirani mmoja mfinyanzi akasogea kusikiliza. Wakawa watatu. Baadaye wakaja wake za wavuvi, kisha wavuvi wenyewe, na miezi minne ilipotimia walikuwa wamegawanyika mara mbili. Habari zilimfikia mchungaji, zikamfikia na Mika.

Mika alikuja siku ya soko, amejichanganya na watu waliofuata vyungu. Angetile alimwona, akaendelea kupanga vyungu vyake.

"Ugonile, mke wangu."

"Ugonile."

"Nimekuja kukuchukua."

"Ambilikile anajua?"

"Kaka amepoa. Nimeongea naye vizuri. Ukikubali kufanyiwa dawa ya kutakaswa, siku moja tu, watakupokea."

"Nitakaswe nini?"

"Angetile, ni kuwatuliza tu..."

"Nakuuliza, Mika. Nitakaswe nini? Kumbatiza baba yako?"

"Unajua simaanishi hivyo."

"Sijui unamaanisha nini! Uliandika kwa mkono wako kwamba utasimama. Nilikungoja usimame. Ukatazama miguu!"

Watu waligeuka. Mika alishusha sauti.

"Niliogopa. Ningefukuzwa. Tungekula nini mimi na wewe? Tungelala wapi?"

"Na mimi niliogopa, Mika. Nilikuwa na mtoto tumboni nikaogopa kuliko wewe. Lakini niliingia."

Mika alifunika uso kwa mikono, akalia palepale sokoni. Angetile alimhurumia. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lakini hakumshika mkono.

"Nisamehe. Nakiri mbele yako, ni mimi niliyekutuma."

"Mimi nilijua siku zote. Kaka yako ndiye hajui. Nenda kwake."

"Ataniua."

"Labda."

Mika aliondoka bila hata kuaga.

*

Siku nane zilipita. Siku ya tisa Anyosisye aliingia Lyulilo akihema, mguu wake bado mbovu.

"Amesema!"

"Nani?"

"Mika! Alisimama migombani mbele ya ndugu wote. Akasema, 'Angetile hakuvunja chochote. Mimi ndiye niliyemwagiza kwa barua, na nilimwacha aonewe kwa sababu nilitaka shamba.' Hivyo hivyo, neno kwa neno!"

"Ambilikile akafanyaje?"

"Walimpiga kwa magongo. Wakachoma nyumba yenu. Ambilikile ameapa akimwona tena Ndandalo hatamuuliza mara mbili. Yuko nyuma, anakuja. Mimi nimetangulia ujiandae, maana hali yake siyo nzuri."

Mika alifika mchana. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, mkono wa kushoto amefunga kwa gome la mgomba. Watu wa figa walimpisha. Angetile alimwosha damu, akampa uji. Alipomaliza kunywa, Mika aliuliza kwa sauti ndogo:

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Basi naweza kukaa?"

"Unaweza kukaa. Lakini hapa hutafundisha. Utakaa na wanaoanza, utajifunza nao, mpaka wao wenyewe wakuombe."

"Ni haki. Na sisi? Mimi na wewe?"

Angetile alisuuza kitambaa chenye damu. Mama yake alitoka nje, na Anyosisye akamfuata.

"Alikuwa wa kiume," Angetile alisema. "Hujawahi kuniuliza. Nilimfunga kwa kitambaa, nikamzika mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba. Hakuna aliyenisaidia hata kuchimba, waliniogopa. Mimi nimelia peke yangu, Mika. Wewe bado hujamlilia mwanao."

Mika aliweka bakuli la uji chini.

"Unataka kuwa mume wangu?"

"Nataka."

"Basi twende ukamlilie. Mwili ukipata nguvu, tutakwenda Ndandalo."

"Ambilikile ameapa."

"Nimesikia alivyoapa."

"Anaweza kutuua wote wawili."

"Anaweza. Hutaki?"

Mika aliangalia mkono wake uliofungwa. Safari hii hakutazama miguu.

"Twende kesho," alisema. "Nikingoja nguvu, nitaanza kuogopa tena."

Asubuhi figa lote liliwaombea ufukweni. Mama yake Angetile alikataa kuomba, alilia tu. Kisha mke na mume walishika njia ya Ndandalo, Mika akiwa mbele.