Wimbo wa Tisa wa Odeta

"Zima, Nestory. Siwezi kuuimba huu."

Odeta alivua hedifoni akaziweka kwenye kiti. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo, katika studio ya ghorofani, Nyamagana. Nyimbo nane za albamu yake ya jazi zilikuwa tayari, zote za paka: yule wa mwaloni Igogo, penye soko la samaki, anayetaka sangara na kudharau dagaa, yule mvivu wa kwa muuza vitenge, na wenzao. Ulibaki wa tisa, wa Shombo, paka wake mwenyewe, na leo ilikuwa siku ya tano Shombo hajaonekana.

"Tupumzike kidogo," alisema Nestory, mpiga kinanda wake na mchumba wake.

"Nikifika pale anaponilalia miguuni, nashindwa kuendelea. Sitaki kumwimba kama marehemu."

"Hajafa."

"Umejuaje?"

Nestory aliangalia vidole vyake.

"Yuko Mkolani, kwa binamu yangu Mayala. Mimi ndiye niliyempeleka."

Msimrukie bado. Nestory si mtu mbaya, ni mwoga tu, na siku hizo alikuwa anapenda kweli. Jumamosi mama yake, Dorotea, alikuwa anakuja kutoka Magu kumwona mkwe kabla ya posa. Tangu utotoni Nestory alimwona mama huyo akifukuza paka kwa fagio, na kijijini kwao mwanamke mwenye paka hachelewi kuitwa mchawi. Akajiambia, mama akimkuta mkwe anaongea na paka na kumtungia nyimbo, hakuna posa tena.

"Juzi tumezunguka wote kwenye mawe ya Igogo," alisema Odeta taratibu. "Ulikuwa unamwita kwa sauti kuliko mimi."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Kumficha ningekusamehe leo leo. Lakini ulimwita pamoja na mimi. Nililia begani kwako, Nestory."

Nestory aliinuka kwenye kinanda, lakini Odeta alimwonyesha simu.

"Mpigie mama. Weka spika, mwambie yote. Akinikataa, anikatae mimi mwenyewe, siyo huyo uliyemsafisha wewe."

Alipiga, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mnyonge hivyo?"

Akaeleza yote, hakubakiza.

"Nani alikuambia nachukia paka?"

"Si ulikuwa unawafukuza, mama."

"Nilikuwa mjane. Baba yako alipofariki, wewe bado unanyonya, nilikuwa na paka. Watu wakaanza kuhesabu misiba ya kijiji huku wanaangalia mlango wangu. Nikampeleka mbali. Kila aliyekuja baada yake nilimfukuza mchana, majirani waone."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, mtoto? Nipe huyo binti."

Odeta alisogelea simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole kwa paka wako. Huyu atamrudisha leo, na akuombe radhi vizuri. Ukimkataa sitakulaumu. Ila Jumamosi mimi nakuja, hata kama ni kukusikiliza tu."

Odeta alimtazama Nestory. Alikuwa analia bila kujificha, na hilo hakuwahi kuliona. Hasira ya Odeta haikuisha, lakini alijua bado anampenda, akachukia kujua hivyo.

"Nisamehe," alisema Nestory. "Nilikuona kama mtu wa kufichwa. Sikupaswa."

"Usinifiche tena. Hata kwa mama yako, hata kwa rais."

"Sitakuficha."

"Basi rudi kwenye kinanda. Mama, usikate simu."

Akauimba wimbo wa Shombo mwanzo hadi mwisho, macho kwenye ile simu, na safari hii hakusimama hata mara moja. Ulipokwisha, alisogelea tena simu.

"Paka wangu nilimwita Mabula," alisema Dorotea. "Nilimwokota siku ya mvua, ndiyo maana nikampa jina hilo. Miaka thelathini sijalitaja jina lake mbele ya mtu."

Odeta alivuta kiti, akatafuta kalamu.

"Alikuwaje, mama? Nisimulie."

Ndiyo maana albamu ile ina nyimbo kumi. Shombo alirudi jioni ile ile, harusi ilifungwa Novemba, na watu wa Magu walijaa basi zima. Ulipopigwa wimbo wa Mabula, Dorotea aliinuka akacheza peke yake, mbele ya kijiji chake chote.