Jina la Nkulu Chini ya Kamera

Mukalay alikosa, na kosa lake alilisema mwenyewe mbele ya kanisa, kofia mkononi, kabla mtu hajamuuliza: alidanganya kwa jina la marehemu.

Babu yake, tata Nkulu, zamani aliingiza Kolwezi kamera ndogondogo za Kijapani, ukubwa wa kiberiti. Chini ya kila moja alichonga kwa Kifaransa kwamba yeye ndiye aliyeileta: IMPORTÉ PAR NKULU, KOLWEZI. Siku hizi wazungu wanaokusanya vitu vya kale huzitafuta kwa simu, na cha kwanza huuliza alama ile. Mukalay alikuwa na kamera ishirini na tatu zisizo na alama. Akashika sindano ya chuma, akazichonga zote alama ileile mchana mmoja, huku mkewe Laurentine, mwenye mimba ya miezi minane, akimkumbusha kwamba jina hilo limewekewa mtoto wao. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto mchanga tu, kwa maombi, ndipo mzee anarudi ndani yake. Mukalay alicheka, akasema kamera haina tumbo.

Asubuhi sanduku la kamera lilikuwa limetoa jasho. Alilipangusa, na kitambaa kikanuka kama mdomo wa mgonjwa. Siku ya tatu lenzi zilitoa tongotongo za njano. Siku ya tano, bukari, ugali wao wa kila siku, ikiwa mezani, ikasikika sauti ya kunyonya, ndogo, yenye mate, na kifua cha Laurentine kikalowa maziwa yaliyoganda, yenye harufu ya samaki aliyesahauliwa juani, yakamtiririka hadi kwenye sahani, na Mukalay, aliyekwisha kumeza tonge, akalihisi likigeuka kooni kama kitu chenye ulimi.

Wakamwita mama Mbuyu wa kikundi cha maombi. Alifungua sanduku, akaziba pua kwa kitenge.

"Ni tata Nkulu?" Laurentine alinong'ona.

"Hapana, mutoto yangu. Nkulu eko analala. Jina bila mutoto, jini njo analikamata. Bwana yako alizala majini ishirini na tatu, na beko na njala, banataka kunyonya."

"Mama, mi sikuyua," alisema Mukalay.

"Uliyua. Bibi yako huyu, Laurentine, alikuambia. Futa."

Mama Mbuyu akaomba, Mukalay akakwangua. Kila herufi ilipochubuka, chuma kilitoa usaha wa vuguvugu uliomwingia chini ya kucha, na kitu ndani kikalia kama kichanga, kikanyamaza. Alipomaliza ya ishirini na mbili, sanduku lilikuwa tupu. Ndipo akakumbuka: moja aliiuza siku ileile ya kuchonga, sokoni Manika, kwa mpita njia asiyemjua.

Mtoto ana wiki mbili sasa. Anaitwa Nkulu. Akiwekwa kifuani, maziwa hukauka. Akiondolewa, Laurentine huhisi fizi zinamvuta, fizi baridi, na hakuna mtu karibu naye. Mikono ya mtoto imebaki ngozi na mifupa. Hata kulia ameacha.

Wewe uliyenunua kamera ndogo Manika, igeuze, usome chini. Ukiona jina la Nkulu, usilifute mwenyewe, wala usiiuze kamera. Ipeleke leo kwa mama Mbuyu, mtaa wa Mutoshi. Tafadhali.